Wiki nzima kwenye wiki

Jamani nimepotea, najua. Wiki nzima nilikuwa kwenye wiki, na sichezi na maneno, toka Jumatatu mpaka jana usiku nimekaa hapa Sakina, Arusha, na laptopu inachemka kama jiko la mkaa, napanga data za gemu moja la kilimo na kuchimba madini ambalo mimi na watu wa nchi mbalimbali tunaliandikia wiki yake, yaani tovuti ya maelezo ambayo wasomaji wenyewe wanaiandika na kuirekebisha. Hatulipwi hata mia. Mama mdogo kaniuliza mara mbili, "we mwanangu, hiyo kazi ina mshahara?" nikajifanya napokea simu.

Iko hivi. Wiki yetu inatumia Semantic MediaWiki, ni nyongeza inayopachikwa juu ya MediaWiki, ileile programu inayoendesha Wikipedia. Ipo toka 2005 na hata wiki ya lile gemu la Guild Wars 2 inaitumia. Badala ya kuandika tu jembe hili ni 50, unaandika [[Bei::50]] na hapo mashine inajua 50 ni bei, sio uzito. Afu ukurasa mwingine unauliza kwa amri ya #ask, nipe majembe yote ya chini ya 100, jedwali linajichora lenyewe. Bei ikibadilika unarekebisha sehemu moja tu basi.

Sasa hilo neno la kabla ya :: linaitwa sifa, na aliyeanzisha sifa ya Bei hakusema kwamba ni namba. Usiposema, inachukuliwa ni jina la ukurasa, kwa hiyo kila 50 ikawa linki nyekundu, linki ya ukurasa ambao haupo, na ukipanga kwa bei unapata 1000, 150, 20, 300, yaani kialfabeti! Hilo dawa yake ndogo, unaandika [[Has type::Number]] kwenye ukurasa wa hiyo sifa na unasubiri mashine ipitie upya kurasa zote kwa foleni, ila wale walioandika "50 hivi" wote wakaanza kuwashiwa alama ya kosa na lawama zikaja kwangu.

Kilichonitoa jasho ni maduka. Jembe la shaba kijijini ni 50, bandarini ni 70. Mtu kaandika maduka mawili, bei mbili, ukurasa mmoja, kaenda zake kulala. Wewe kwa macho unaelewa maana zimefuatana, lakini mashine haiangalii nini kimefuata nini, inachojua ni kwamba ukurasa huu una maduka mawili na una bei mbili. Uliza bandarini kuna nini chini ya 60, inakuletea lile jembe! Mchezaji anafunga safari mpaka bandarini na hela pungufu.

Jumatano mama mdogo, yeye anauza nafaka soko la Kilombero, kanipa daftari nimjumlishie madeni. Kijana wake kaandika majina kurasa za kushoto, hela kurasa za kulia, na kulia kuna sehemu kaacha mstari mmoja wazi. Kuanzia hapo kila deni limeshukia kwa jirani, mama wa chipsi aliyechukua sado mbili za maharage kabebeshwa gunia la mahindi la mzee wa gereji. Mama mdogo akaninyang'anya kalamu, akachukua rula akaanza kuchora mstari toka jina mpaka hela, "kila mtu na deni lake, basi." Nikabaki namtolea macho maana hicho ndo kitu kinaitwa #subobject, kifurushi kidogo ndani ya ukurasa, duka hili na bei yake humohumo, duka lile na yake.

Usiku uleule nikatengeneza templeti, kama fomu hivi, mwandishi anajaza duka na bei tu, kifurushi kinajifunga chenyewe. Mwanzoni majibu yalikuja na vikodi vya ajabu nyuma ya jina la jembe, kumbe lazima jina la bidhaa nalo uliweke ndani ya kifurushi ndo uombe hilo lionyeshwe. Afu jana jamaa mmoja analalamika nimefuta vitu vyake, sijafuta kitu, jedwali lenyewe usipoliwekea limit, yaani kikomo cha mistari, linaishia mistari 50. Nimeweka 500, katulia.

Mama wa chipsi ndo bado kanuna. Deni lilishasahihishwa, ila sa hivi nikienda pale napimiwa chipsi kama mgeni wa stendi.