Jinsi Nilivyohakiki Leseni ya Mtaalamu wa Afya ya Akili, Tabora
Mdogo wangu alipoanza kukosa usingizi na kusikia sauti, jirani yetu hapa Ng'ambo alituelekeza kwa bwana aliyejiita daktari wa magonjwa ya akili, ambaye alidai malipo kabla hata ya kumwona mgonjwa. Nilimwomba kwa heshima namba ya usajili pamoja na leseni hai, kwa kuwa usajili pekee haumruhusu mtu kutibu, jambo ambalo familia nyingi hazilijui. Akanionyesha cheti cha semina. Nililitafuta jina lake kamili katika rejista ya Baraza la Madaktari Tanganyika, kisha nikaliulizia katika Baraza la Uuguzi na Ukunga. Hakuwamo. Kesho yake tulimpeleka mdogo wangu hospitali ya rufaa ya mkoa, akapimwa na kuanzishiwa dawa. Sasa analala.