Siku yangu moja: fundi piano Mbeya, mwezi wa saba

Saa 12 na nusu asubuhi. Baridi ya Mbeya mwezi huu jamani, maji ya kunawa yanauma, nikapiga chai ya tangawizi na chapati, nikatupia spana, kabari za mpira na kipima unyevu kwenye begi, huyooo.

Saa 2. Mtaa wa Forest, kwa mama mmoja mwalimu mstaafu. Sijavua hata koti: "Fundi, Machi si uliituni hii? Mbona inalia kama mbuzi?" Shikamoo kwanza mama.

Nikaweka kipima unyevu juu ya piano, tukasubiri. Asilimia 29. Machi mvua zinamwagika, palepale, daftari langu linasema 71. Piano inapenda 40 mpaka 50 hivi. Halafu hatua mbili tu kutoka kwenye piano, jiko la mkaa la kupasha sebule! Hewa ya baridi ukiipasha bila kuiongezea maji inazidi kukausha kila kitu.

Nikafungua kifuniko cha chini aone mwenyewe. Ule ubao mkubwa nyuma ya nyuzi umebinuka kidogo kama tumbo, masika unakunywa unyevu, tumbo linajaa, linasukuma nyuzi, sauti inapanda, kiangazi linanywea na nyuzi zinalegea. Nyuzi zenyewe zaidi ya 200, kwa pamoja zinavuta zaidi ya tani 15, so ubao ukinywea kiduchu tu unasikia. Na hazishuki sawasawa, hapo ndo kasheshe: noti A ya katikati inatakiwa itetemeke mara 440 kwa sekunde nimeikuta 435, bezi (zile sauti nene) wala haijashuka sana. Piano inagombana yenyewe kwa yenyewe.

Mpaka saa 7 nipo hapo. Ukikaza huku kule kunalegea, kwa hiyo raundi ya kwanza fastafasta, ya pili ndo ya kutulia. Mama kaja na bakuli la maji, kasikia liwekwe ndani ya piano, nikamwambia mama rudisha jikoni, msaada wake mdogo na likimwagika humo tutalia wote. Hamisha jiko tu (mkaa ndani madirisha yamefungwa unaua watu jamani), na mvua zikikolea, Februari, nirudi tena.

Saa 8. Wali maharage Mwanjelwa, na parachichi.

Saa 9 na nusu. Kanisa moja njia ya Uyole, piano ipo chini ya dirisha lisilo na kioo. Pini mbili, zile zinazokaza nyuzi, hazishiki, mbao imekauka imeziachia. Ila funguo (vile vibao vya kubonyeza) zilizokuwa zinanasa wakati wa mvua sasa zinacheza vizuri, mzee wa kanisa anasema ni maombi. Mi najua ni feliti, vile vitambaa vya sufu ndani ya funguo, zimekauka zikapungua unene, lakini nani abishane na mzee wa kanisa, tena hajanilipa.

Saa 1 usiku. Meseji ya mama: "Jiko limetoka sebuleni mwanangu. Piano inaimba, mimi natetemeka."