Siku Moja Maishani Mwangu: Mkunga na Hesabu ya Mimba

Saa 1:00 asubuhi. Kabla ya mama wa kwanza kuingia, ninaweka mezani kalenda, tepu ya kupimia tumbo na lile duara la karatasi ngumu ambalo huzungushwa ili kusoma umri wa mimba. Leo ni tarehe 30 Septemba, nami naizungushia penseli, kwa kuwa hesabu zote za siku hii zitaanzia hapo na kurudi nyuma.

Saa 2:30. Mama wa kwanza anaikumbuka vizuri siku ya kwanza ya hedhi yake ya mwisho, 10 Juni, na mzunguko wake ni wa siku 28 pasipo kuyumba. Kwa kanuni inayobeba jina la daktari Mjerumani, Franz Naegele, ninaongeza siku 7 na kurudi nyuma miezi 3, na makisio ya kujifungua yanaangukia 17 Machi. Mimba yenyewe ilitungwa karibu na 24 Juni, yai lilipopevuka. Ninasema "karibu na" kwa makusudi, kwa sababu mbegu za kiume huweza kuishi hadi siku 5 mwilini mwa mwanamke zikilisubiri yai, ilhali yai halivuki saa 24. Siku ya tendo na siku ya kutungwa mimba si lazima ziwe moja. Angekuwa na mzunguko wa siku 35, ningezisogeza mbele tarehe zote mbili kwa wiki moja.

Saa 4:00. Wanaingia mke na mume, na kimya chao kinanieleza kwamba wamegombana. Karatasi ya ultrasaundi waliyopewa asubuhi hii inaonyesha kijusi cha milimita 16, moyo unapiga, umri wa mimba wiki 8. Mume anaiweka mezani na kusema kwa sauti ya chini, "Sista, mimi nilirudi safari tarehe 16 Agosti. Wiki nane zilizopita sikuwapo nyumbani." Mke anainamisha kichwa na kukunja pembe ya khanga yake vidoleni.

Ninavuta kiti karibu nao na kuigeuza kalenda iwaelekee. Ninarudi nyuma wiki 8 na kutia alama kwenye 5 Agosti, kisha namuuliza mama siku hiyo ilikuwa ya nini, naye anajibu kwamba ndiyo aliyoanza kuona damu. Basi hapo ndipo mashine ilipoanzia kuhesabu, wakati mimba haijakuwapo kabisa, kwa kuwa madaktari na wakunga huhesabu umri wa mimba tangu hedhi ya mwisho, na wiki mbili za mwanzo huwa ni za kujiandaa kwa mwili tu. Ninasogeza kidole siku 14 mbele: 19 Agosti, siku tatu baada ya baba kurudi. Ninamweleza pia, kwa uaminifu, kwamba kipimo cha mapema namna hii kinaweza kupishana kwa takriban siku 5, na kwamba hakimtaji baba wa mtoto. Kinaonyesha tu kwamba tarehe hizi hazimtii mkewe hatiani. Anaikodolea macho kalenda kwa muda mrefu, kisha anasema, "Mama, nisamehe." Miaka ya nyuma niliwahi kumtajia mama mmoja wiki zake nikaishia hapo, akarudi mwezi uliofuata akiwa peke yake. Bado inaniuma.

Saa 6:00. Mama anayenyonyesha hajaona hedhi tangu alipojifungua, kwa hiyo hana tarehe ya kunipa. Ninabonyeza tumbo taratibu hadi nikipate kilele cha mfuko wa uzazi, kidogo juu ya kitovu, na tepu kutoka mfupa wa kinena inasoma sentimita 24. Ultrasaundi inapima kichwa na mfupa wa paja na kukubaliana na wiki 24, lakini kwa umri huu makosa yanaweza kufika wiki mbili kila upande. Siku ya kutungwa siwezi kumpa. Ninampa kipindi cha takriban mwezi mzima.

Saa 8:00. Binti mmoja ananiuliza kwa faragha kama kipimo kinaweza kutofautisha wanaume wawili waliopishana siku nne. Ninamjibu kwamba hakiwezi, kwamba jibu la swali hilo liko katika kipimo cha vinasaba, na kwamba aliyoniambia hayatatoka chumbani humu.

Saa 10:00. Ninapanga kadi za kesho. Pale ambapo mama hakukumbuka hedhi ninaacha nafasi wazi, maana tarehe ya kubuni huja kumwambia mtu baadaye kwamba mimba imepitiliza kumbe haijatimia. Kisha nachukua kalamu, na chini ya mstari wa wiki, katika kila kadi, naandika kwa mkono: umri huu umehesabiwa tangu hedhi ya mwisho, si tangu mimba kutungwa.