Siku moja mezani kwa fundi wa kompyuta

Saa mbili asubuhi. Kompyuta ya mezani haionyeshi kitu, inalia pii-pii tu. Mara nyingi hiyo ni RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Chomoa umeme, bonyeza kitufe cha kuwasha sekunde chache chaji iliyobaki iishe, toa RAM, sugua meno yake kwa kifutio cha penseli, pangusa, rudisha mpaka klipu zilie "ta". Imewaka. Watu huita uchawi. Ni uchafu tu.

Saa tatu. Simu: "Fundi, intaneti imekufa, kila tovuti inasema si salama." Namwomba anisomee tarehe iliyo pembeni ya kioo. Imerudi nyuma miaka kadhaa. Vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, kwa hiyo kompyuta iliyopotea kwenye kalenda huvikataa vyote. Arekebishe tarehe sasa, halafu abadilishe betri inayotunza saa kwenye mazabodi (ubao mkuu wa ndani), ile bapa kama sarafu, CR2032, volti 3.

Saa nne ndipo siku inapoharibika. Laptopu. "Nzito hii. Piga Windows mpya, nasubiri hapa hapa."

"Umeizima ukaiwasha?"

"Mara kumi."

Nafungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha kompyuta inafanya nini, upande wa CPU (kichakataji): mashine iko macho siku 19. Na hajadanganya. Windows 10 na 11 zina Fast Startup. Ukiizima, kiini cha mfumo huhifadhiwa kwenye diski na kurudishwa kilivyokuwa. Kinachoanza upya kweli ni Restart. Naifanya. Bado nzito.

Naangalia diski: inahangaika asilimia 100, ilhali inasoma chini ya MB 1 kwa sekunde. Hapo natoa mikono kwenye kibodi. Programu nzito huilazimisha diski isome sana. Diski inayokufa huhangaika sana na kusoma kidogo. CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, inamaliza ubishi: mstari wa C5, wa sekta zilizoshindwa kusomeka, una 2A. Namba hizo ni za heksadesimali (hesabu ya msingi wa 16), kwa hiyo ni 42.

"Kuna kitu unachokihitaji humu?"

"Hakuna, futa."

"Na picha unaweka wapi?"

Kimya. "Zote zimo humo."

Swali la kwanza karibu kila mtu hujibu hakuna. La pili ndilo la kuuliza.

Sasa anataka niendeshe chkdsk /r, amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski, eti ndiyo dawa. Hapana, kaka. Hiyo huipitia diski sekta kwa sekta, kazi ya kumuua mgonjwa aliye mahututi, tena inachotengeneza ni mfumo wa faili, si picha zako. Naitoa diski, naiunganisha kwenye mashine ya Linux, naanza ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu, kwa chaguo la -n: huchukua kwanza kilicho kizima na kuruka pabovu. Baadaye -r3 hurudi kwenye mabovu na kujaribu mara tatu. Faili ya ramani, inayoandika kilichokwisha nakiliwa, haikosekani, maana umeme ukikatika kazi huendelea ilipoishia. Diski ya kupokelea isiwe ndogo kuliko inayonakiliwa.

GB 500 kwa MB 100 kila sekunde ni kama saa moja na nusu. Ilikwenda hivyo mpaka GB 310, kisha ikashuka hadi KB 40. Mteja anachungulia. "Bado?" Bado. "Mwenzangu aliwekewa Windows kwa nusu saa." Mwenzako diski yake ilikuwa nzima.

Katikati hapo zimepita printa mbili, nenosiri lililosahaulika na kebo ya kioo iliyolegea; saa ngapi, sikumbuki. Nilichokumbuka ni kumuuliza kuhusu BitLocker, kufuli ya Windows ya kusimba diski, maana nakala ya diski iliyofungwa nayo hutoka imefungwa vilevile. "Nenosiri ninalo." Si nenosiri, ni ufunguo wa tarakimu 48. Anaingia kwenye akaunti yake ya Microsoft kwa simu, anakuta funguo tatu. Tunalinganisha herufi nane za mwanzo za kitambulisho cha ufunguo. Ni ule wa tatu, bila shaka.

Giza limeingia, mteja amekwenda kulala, ddrescue iko mzunguko wa pili. Nimeelekeza feni ndogo kwenye diski na kubandika karatasi juu ya swichi: USIZIME. RESTART NAYO USIGUSE.