Kumtafuta mtu wa kutia visu vyangu matiko

Kisu changu cha kwanza kilipendeza machoni tu. Nilikichonga mwezi mzima kwa tupa na msasa, nikakitia mpini, na kabla sijamaliza kukata kitunguu cha tatu makali yalikuwa yamelala.

Kosa nililijua: lilikuwa kwenye kutia matiko, yaani kukipa chuma ugumu kwa moto. Nilikuwa nimekipasha kwenye mkaa mpaka kikaacha kushika sumaku, nikakitumbukiza kwenye mafuta, kama nilivyozoea kufanya na vipande vya springi za gari. Kwa springi njia hiyo inakubali: sumaku huacha kushika kwenye nyuzi 770 hivi, unaongeza moto kidogo, unazamisha. Ila hiki kilikuwa stenlesi, chuma kisichoshika kutu kirahisi, na moto wa mkaa unaopimwa kwa macho hauiwezi.

Nikaanza kutafuta fundi mwenye tanuru. Niliwauliza wahunzi, nikawauliza wauza visu. Hakuna aliyejua. Siku moja likanijia wazo: mbona gia na moldi za viwandani nazo hutiwa matiko? Nikaingia karakana inayotengeneza moldi, nikauliza za kwao wanazipeleka wapi. Nilielekezwa hapo hapo. Muda wote nilikuwa nawasumbua watu wa visu, kumbe wa kuwauliza ni watu wa chuma.

Mzee wa tanuru alikipokea kisu, akakipitishia tupa, akaguna.

“Chuma gani hiki, kijana?”

“Stenlesi.”

“Stenlesi ni ukoo. Nataka jina.”

Sikuwa nalo, akanirudishia. Aliniudhi, lakini alikuwa na haki: bila jina hajui apandishe moto hadi wapi, akishikilie kwa muda gani, wala akipoze kwa mafuta au kwa hewa.

Nikanunua bamba la 440C, aina mojawapo ya stenlesi, lenye karatasi yake ya kiwandani. Hiyo hudai zaidi ya nyuzi 1000. Nilichonga visu vinne badala ya kimoja, kwa sababu wanatoza kwa mzigo, na kisu kimoja kinalipa karibu sawa na kumi. Mzee alinipa masharti: matundu ya mpini yatobolewe kabla, maana baadaye drili itateleza tu, mikwaruzo mirefu ya tupa iondolewe, kwani ufa huanzia hapo, makali yaachwe mazito, karibu milimita moja. Sharti hili la mwisho nililivunja kwa kisu kimoja. Nilitaka kupunguza kazi ya kunoa.

Nilisubiri wiki tatu, mpaka wakapata mzigo mwingine wa chuma hicho hicho wa kuingia nao tanuruni. Niliomba ugumu wa 58 hadi 59 kwa kipimo cha Rockwell, na virudishwe kwenye moto mdogo mara mbili, visije vikavunjika kama kioo.

Vilirudi na rangi ya kijivu. Vitatu vimenyooka. Kile chembamba kilikuwa na mawimbi kwenye makali kama jani lililokauka. Nilijaribu tupa kwenye kimojawapo, ikateleza ikilia, bila kung'ata.

Ila katikati ya bapa la kisu nilichokipenda zaidi kulikuwa na kishimo kidogo cha duara: walipimia ugumu hapo. Sikuwa nimewaambia wapimie kwenye msuka, ambako mpini ungekificha. Mzigo wa pili ulipoondoka, kila msuka niliuandika kwa wino mzito: PIMA HAPA.