Risala ya Bibi Mwosha

Wazo lilizuka msibani, kama yazukavyo mawazo mengi ya Ngamiani. Tulikuwa tumemzika mwalimu mmoja wa madrasa, mzee aliyemsomesha baba, mtoto na mjukuu katika nyumba moja, na siku hiyo kila aliyefungua kinywa alimsifu. Sisi wanawake tulikuwa uani tunachambua mchele wa hitima, na sifa zikawa zinapita kutoka ungo hadi ungo. Ndipo mweka hazina wa chama chetu cha kufa na kuzikana akaweka wake chini.

"Haya yote mwenyewe hakuyasikia hata moja. Na Bibi je? Naye tunamngoja afe?"

Hakuna aliyeuliza Bibi yupi. Barabara yetu ilijaa mabibi, lakini mwosha alikuwa mmoja.

Kwa asiyeijua Tanga, Ngamiani ni ule upande wa mji wenye barabara za namba badala ya majina, nyumba za Kiswahili zilizopangana bega kwa bega, na watu wa kila kabila: Wadigo, Wabondei, Wazigua, Wasambaa, na walioletwa na mkonge kutoka Kigoma na Songea wakasahau njia ya kurudi. Akifa mwanamume, msikitini hapakosi watu wa kumwosha. Mwanamke huoshwa na wanawake wenzake, na hapo ndipo mlango huwa mwembamba. Kulia tunajua wote. Kufunga mikono na kuingia chumbani na maiti ni jambo jingine.

Bibi alirithi kazi hiyo kwa mama mkwe wake akiwa bado mwali, na wakati ninaousimulia, mwaka 2003, wajukuu zake walishazaa. Usiku wa manane ungesikia hodi dirishani kwake, kisha taa, kisha ndara zake zikiburura uchochoroni. Mkononi beseni la bati, na ndani yake mkasi, kata, pamba na kafuri iliyofungwa kwenye kipande cha khanga. Hakuchukua malipo. Hata kipande cha sabuni kilichobaki alikiacha palepale.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha sita mwaka uliotangulia na sina kazi, kwa hiyo nikapewa kazi ya wasio na kazi: kuandika risala. Kila shughuli ya kwetu lazima iwe na risala. Hata kisima kikifunguliwa, kinasomewa risala kana kwamba nacho kina masikio.

Nilimkuta uani anachuma majani ya mkunazi.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Nani?"

Alidhani nimeleta taarifa ya msiba. Ndivyo alivyozoea, vijana tulikuwa hatumtembelei ila kuna mtu amekata roho. Nilipomweleza nilichofuatia alikunja uso. Sadaka ikishapigiwa tarumbeta, akaniuliza, kinabaki nini cha kupeleka kwa Mungu? Akarudi kwenye mkunazi wake. Ilibidi aende ustadhat wa madrasa ya wanawake, akamkumbushe hadithi ya Mtume kwamba asiyewashukuru watu hamshukuru Mwenyezi Mungu. Hapo akalegea, kwa masharti: iwe ndani ya Maulidi, isiwe shughuli yake peke yake, na asikalishwe meza kuu.

Nikarudi na daftari. Nilitaka miaka na idadi, maana risala bila idadi ilionekana kwangu haijakamilika. Idadi hakunipa. "Vya namna hii havihesabiwi," akasema, akaanza kunisimulia habari za vitambaa. Mwanzoni mwa miaka ya themanini, maduka yakiwa matupu na sabuni ikipangiwa foleni, sanda ilikuwa ya kutafutwa kwa tochi. Mwanamke husitiriwa kwa vipande vitano: shuka, kanzu, ukaya, na nguo mbili za kumviringishia. Hiyo ni bafta nyingi kwa nyumba isiyo na hata kanga ya kujifunika. Bibi akawa anaweka akiba. Mtu akienda Mombasa anampa vijisenti amletee kidogo, na kila kipande kilikwenda sandukuni chini ya kitanda. Akifa mtu kwenye nyumba isiyo na uwezo, sanda ilitokea, na haikutajwa imetoka wapi. Alinisimulia mjane mmoja wa mfanyakazi wa mkonge, mtu wa Kigoma, aliyefia chumba cha kupanga bila ndugu hata mmoja mjini. Alipoulizwa nani amsimamie marehemu, Bibi akajibu, "Andikeni dada yake ni mimi."

Kisha akafika miaka ya tisini, na sauti ikashuka.

Wanaoikumbuka miaka ile hawahitaji kuelezwa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitajwa Kagera mwaka 1983, na sisi wa pwani tukajidanganya kwamba ni habari ya huko mbali. Ulipofika kwetu haukutajwa jina. Watu walisema "ngoma", "umeme", "miwaya", au walinyoosha kidole tu kimya. Rais Mkapa alipoutangaza kuwa janga la taifa mwishoni mwa 1999, mtaani tulishazoea kuzika vijana. Na hofu haikuishia kwa aliye hai. Nimeona kwa macho yangu maiti ya msichana imelala chumbani tangu alfajiri hadi adhuhuri, shangazi zake wamejazana ukumbini, kila mmoja ana sababu: huyu ana kidonda mkononi, huyu ana mimba, huyu moyo wake mdogo. Bibi akapita katikati yao bila kumwangalia mtu. Glovu hazikuwa rahisi kupatikana, kwa hiyo alivaa mifuko ya nailoni na kuifunga viganjani kwa kamba ya mkonge, akaomba jiki na maji, akafunga mlango. Ndani ilisikika sauti yake akizungumza na yule msichana kama anayemwogesha mtoto: "Geuka mwanangu. Hivyo. Sasa upande wa kulia."

Hilo ndilo lililonifanya nitake kuandika risala hasa, na hilo ndilo lililoleta ugomvi kwenye kamati. Katibu wetu, mwenye ulimi usiolala, alitaka iandikwe waziwazi ili watu waone ukubwa wa kazi. Mweka hazina akamuuliza: na wenye maiti zao watakaokuwa wamekaa jamvini je? Mwaka 2003 dawa za bure za kurefusha maisha zilikuwa hazijaanza kutolewa kwenye hospitali za serikali. Kuutaja ugonjwa mbele ya familia kulikuwa kama kuwafukulia kaburi. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe nikaandika mstari mmoja: "Ikaja miaka ambayo wengi wetu tulisimama mlangoni, yeye akaingia." Katibu akasema ni fumbo mno. Mimi nikajua Ngamiani hakuna fumbo mno. Watu wanaosomana kwa majina ya khanga hawawezi kushindwa na mstari mmoja.

Tukizungumzia khanga, nazo zilitutoa jasho. Michango ilitosha doti kadhaa na godoro. Dukani, ile yenye rangi nzuri kuliko zote ilikuwa na maneno ya kumsimanga mke mwenza, na Bibi alikuwa mjane wa miaka mingi. Tukachukua yenye dua, rangi yake ya kawaida.

Mfungo sita, mwezi wa Maulidi, mwaka ule uliangukia Mei, masika yamepamba moto. Mvua ilinyesha mchana kutwa, uwanja wa madrasa ukawa tope, tukabanana ndani na barazani. Barzanji ikasomwa, tukasimama kiyamu, mrashi ukapita, udi ukafukizwa hadi macho yakawasha. Kamati ilishindwa kujizuia: sharti moja walilivunja, wakaweka kiti cha plastiki mbele, kimepambwa kwa maua ya karatasi. Bibi alikitazama, akakaa jamvini karibu na mlango. Kiti kile kilimaliza Maulidi kimebeba mikoba.

Nikasoma. Mwanzo ulikwenda kama risala zote zinavyokwenda, watu wakisikiliza nusu huku wakitazama sinia za halua. Nilipofika kwenye sanda za sandukuni, minong'ono ikakatika. Nilipofika kwenye ule mstari wa mlangoni, nikasikia mtu anavuta pumzi kwa nguvu.

Alikuwa mmoja wa wale shangazi. Aliinuka kutoka ukutani, akavuka miguu ya watu, akavua mtandio wake mpya wa hariri, akamvika Bibi mabegani. Hakusema kitu, na Bibi hakusema kitu. Alimshika tu mkono akamkalisha ubavuni pake. Kigelegele cha kwanza kilitoka barazani. Baada ya hapo hapakuwa na utaratibu tena: mwingine akaja na noti, mwingine na chupa ya mafuta ya nywele aliyokuwa nayo mkobani, mwingine alikuja kulia tu. Nilibaki nimesimama na ukurasa wangu wa mwisho, wenye shukrani kwa kamati, ambao haukusomwa hadi leo. Katibu hakunisamehe kwa wiki nzima.

Watu walipotulia, Bibi akaombwa aseme neno. Nilidhani atakataa. Akajitengeneza khanga, akasema bila kuinuka:

"Nashukuru. Mungu awalipe. Mmenipa godoro, na mgongo wangu umefurahi. Lakini godoro halitamwosha mtu. Mimi magoti yamekwisha, na mkono huu wa kulia usiku unakufa ganzi. Nataka wasichana. Waje nyumbani niwafundishe."

Lo! Wanawake wote waliokuwa wakipiga vigelegele wakagundua ghafla kwamba kuna jambo la kutazama sakafuni. Mzee mmoja wa kike akajaribu kuokoa hali kwa mzaha: "Mwosha naye huoshwa, Bibi!"

"Ndiyo," akajibu Bibi. "Na nani? Wewe?"

Kicheko kilipasua paa. Lakini alisubiri kiishe, kisha akaanza kuchagua mwenyewe, kwa kidole, kama anayechagua nazi sokoni. Yule shangazi wa mtandio hakungoja aelekezewe; aliinua mkono. Kidole kikapita kwa mweka hazina, kikapita kwa katibu, kikaja kunisimamia mimi.

"Na huyu mwandishi. Anayejua kuandika aje ajue anachokiandika."

Alhamisi iliyofuata tulikuwa uani kwake. Alikunja lile godoro jipya, akalifunga kamba, akatuambia hilo ndilo marehemu. Tukaanza na kukata bafta, bila futi, kwa kupima urefu wa mkono tu, na mkasi wake uliokuwa mkali kuliko nilivyotarajia. Akatuonyesha jinsi ya kuacha shuka juu ya mwili muda wote, mkono ukipita chini yake, jicho lisiende lisikotakiwa. Nywele zigawanywe mafundo matatu. Maji yasiwe ya moto wala ya kukatisha pumzi. Josho la mwisho ndilo la kafuri.

Katibu akauliza, ikiwa mtu amekuta jambo mwilini mwa marehemu, alama ama nini, amwambie nani.

"Wewe," akasema Bibi, "utateka maji kwanza. Mwaka mzima."