Tulivyojipatia studio yetu

Kilichokuwa kinaniuma si bei ya studio, ni saa. Mpiga drams ndiyo kwanza anakaa sawa, prodyuza anaonyesha ukutani: muda umekwisha, wapo wengine nje.

Mimi napiga besi. Usiku mmoja nilikesha nikisoma habari za David Hood, mpiga besi wa Alabama, Marekani. Yeye, Barry Beckett wa kinanda, Roger Hawkins wa drams na Jimmy Johnson wa gitaa walikuwa wakipiga kwenye studio ya Rick Hall, FAME. Mwaka 1969 wakaondoka, wakafungua yao, Muscle Shoals Sound, mjini Sheffield, kwenye kijengo kilichowahi kuwa cha majeneza. Jerry Wexler wa kampuni ya rekodi ya Atlantic aliwakopesha. Desemba ileile bendi ya Rolling Stones wakaingia humo: siku tatu, nyimbo tatu. Waimbaji wengine walikuja mikono mitupu, wakakuta chumba na wapigaji pamoja. Hapo ndipo nilipowaelewa.

Sisi Wexler hatukuwa naye. Tulikuwa sita, tukacheza mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu, sharti likiwa moja: anayepokea ananunua kifaa. Wa kwanza maikrofoni, wa pili kadi ya sauti, na kuendelea. Wa nne alipokea akapotea wiki mbili, lakini spika alileta.

Chumba ni cha uani kwa shangazi yangu, Temeke. Hapo trei za mayai zilitudanganya. Tulibandika ukuta mzima, na bodaboda bado zikaingia kwenye rekodi kama vile zina zamu yao ya kuimba. Trei inapunguza mwangwi kidogo tu. Kelele ya nje inataka kitu kizito na nyufa zizibwe. Tukaziba dirisha kwa tofali, tukapachika mpira kuzunguka mlango, magodoro chakavu tukayaweka kwenye pembe. Bati halikupata dawa. Mvua ikinyesha tunacheza bao.

Siku hizi wanakwaya wanakuja na sauti zao tu, sisi tunawapigia.

Tarumbeta chumbani lilikuwa linakwaruza, tukalihamishia bafuni, likatoka tamu. (Husimuliwa kwamba Keith Richards wa Rolling Stones alimalizia maneno ya wimbo “Wild Horses” chooni mwa studio ile ya Sheffield, kwa hiyo hatukuona aibu.) Jumamosi iliyopita tulikuwa kwenye pigo zuri kabisa, mlango ukagongwa kwa ndoo.

“Baba, toeni hilo tarumbeta lenu, nataka kuoga.”